Baiskeli ya Kumbebea Mama Mkwe

Ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza mama mkwe aliukosa kwa sababu ya magoti. Wa pili niliapa hataukosa. Bodaboda hataki hata kuisikia tangu imwangushe kwenye matope ya Gwarama. Baiskeli, alisema, angalau huenda kwa adabu.

Mke wangu alinishauri nimpe kazi fundi wa sokoni Kibondo, ambaye huifunga baiskeli kipande kwa kipande huku akipiga soga, na ikatoka haina kasoro. Nikakataa. Fundi angefunga baiskeli ya mtu yeyote. Mimi nilitaka ya mama mkwe. Kilikuwa kiburi kitupu, lakini kilinifurahisha. Fremu nilinunua kwa jirani, ringi nikazifuata Kasulu, keria nikaichomelesha kwa nondo, pana kama kigoda, juu yake nikafunga kipande cha godoro. Gololi zilinimwagikia uani, kuku akameza moja, na mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Spoku nilizikaza, nikazilegeza, nikazikaza tena, hadi gurudumu likaacha kuyumba.

Asubuhi ya ubatizo niliipeleka mlangoni kwa mama mkwe. "Mwakeye, mama," nikamwamkia kwa lugha yetu, nikitazama pembeni kama inavyopasa. Akaizunguka, akabonyeza godoro, akaridhika. Lakini hakupanda. Mke wangu, mtoto mgongoni, akaninong'oneza: "Baba watoto, atashika wapi? Kiuno chako?"

Nilijiona mjinga. Kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani. Siku zote zile nilikuwa nikiwaza uzito wake, sikuwaza haya yake. Mke wangu naye asingeweza kuendesha: fremu ilikuwa ya kiume, yenye bomba juu, na yeye kavaa kitenge na kabeba mtoto. Niliumia moyo kweli, nikamwona mama mkwe akibaki nyumbani mara ya pili.

Ndipo nikawakumbuka wabeba ndizi. Kwenye milima yetu hawaendeshi, wanakokota. Nikamwomba apande, ashikilie tandiko, nami nikashika usukani kwa mbele, nikakokota. Pedali nilizozitia grisi kwa mapenzi yote hazikuguswa na mguu wa mtu. Waliotupita walicheka, nasi tukacheka nao, jasho likinitoka.

Tulipoliona kanisa, mama mkwe alisema, macho yake kwenye migomba ng'ambo ya pili ya njia:

"Fundi angeifunga vizuri zaidi. Lakini asingeikokota."