Vibao vya Majina Kwenye Kilima cha Kakule

Emérence hajui kuongea kwa sauti ya chini. Kanisani hukizidi kinanda, na darasani watoto wa chumba cha pili husikia somo lake bila kutaka. Mama yake alikuwa muuza maharagi wa Lubero, mume wake anapitisha mizigo ya watu forodhani Kasindi, na yeye anafundisha darasa la tano hapa Butembo. Tumekaa pamoja katika chumba cha walimu miaka mingi. Nampenda, lakini kuna siku natamani kumziba mdomo kwa kitenge changu.

Ni yeye aliyeanzisha habari ya kuwafundisha watoto kutunza mazingira katika jimbo zima. Shule yetu peke yake haikumtosha, maana Emérence hajui kupika chungu kidogo. Mvua ilikuwa imeshusha udongo wa kilima mpaka kwenye chemchemi ya mtaa wetu, tukachota maji mekundu, naye akasema udongo unashuka kila mahali, basi somo nalo lifike kila mahali. Akaanza kuzunguka. Paroko akatoa ukumbi. Waprotestanti wakatoa walimu wa shule zao. Hata wachoma matofali walikuja mkutanoni, ingawa walijua watasemwa kwa kukata miti. Kutoka Beni alikuja Salomon, mkuu wa shule moja ya Bungulu, mtu mpole ambaye husafisha miwani kabla ya kukataa jambo.

Tulipatana hivi: tujaribu kwanza kilima kimoja, kisha wajumbe wa kila upande waje Butembo wakione na kuamua. Wakikubali, somo litaingia katika shule za jimbo. Wakikataa, kila mtu arudi kwake na mpango ufe. Emérence alisema hautakufa, akatazama kila mmoja wetu kana kwamba ndiye aliyetaka kuuua.

Kilima tulichochagua kiko juu ya chemchemi na ni cha mzee Kakule. Tulimwomba, akakubali watoto waje wapande grevilea za kushika udongo. Vibao ndivyo hatukumwambia. Vilikuwa wazo la Emérence: kila mtoto achomeke kibao chenye jina lake kando ya mti aliopanda, ili aupende na aumwagilie. Nami niliona ni jambo zuri. Siku ile Kakule alikuwa kwenye mazishi. Watoto walipanda, wakaimba, wakachomeka vibao vyao, tukarudi tumechafuka na tumefurahi.

Kesho yake asubuhi hapakuwa na mti hata mmoja. Mashimo tu, na vibao vimerundikwa njiani.

"Huyu muzee iko na roho mubaya!" Emérence alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Anachukia batoto! Anachukia masomo!"

Nilimwambia aokote vibao anisomee majina. Akasoma la kwanza kwa hasira. Akasoma la pili. Kwenye la tatu akakaa chini kwenye nyasi zenye umande.

Kwetu Wanande, anayepanda mti anasema shamba ni lake. Kesi ya ardhi ikifika kwa chifu, swali la kwanza ni hilo: mti huu nani alipanda? Kila mtu anajua, na Emérence anajua kuliko wengi, kwa sababu amegombana na shemeji yake juu ya mikaratusi ya mpakani tangu alipoolewa. Lakini mtu akishika chaki muda mrefu, anaanza kuona kilima kama ubao. Darasa zima la tano lilikuwa limegawana shamba la mzee, familia kwa familia, na majina juu.

Jioni tulikwenda kwa Kakule na dumu la kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kama inavyofanyika kwa mtu aliyekosewa.

"Papa Kakule, nimekuya kuomba pardon," Emérence alisema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba niligeuka kuona ni nani anaongea.

Kakule hakugusa dumu. "Madame, mimi nilikimbia vita kule Kamango, upande ya Beni. Kule nilipanda miti na mikono yangu, nikaacha yote. Sijue nani iko anavuna leo. Hapa niko na hii kilima tu. Natoka ku matanga, nakuta majina ya batu! Weye ungefanya nini?"

"Ningeng'oa, papa."

Hapo mzee akacheka kidogo, akatupeleka nyuma ya nyumba. Miche yote ilikuwa pale kivulini, mizizi imefungwa udongo mbichi ndani ya maganda ya mgomba. "Muti haina kosa," alisema. Tulipatana kwamba atapanda yeye mwenyewe, watoto wasogeze miche na maji huku wakifundishwa, na vibao vibaki shuleni.

Wajumbe walipofika Jumamosi, wakaona hivyo. Kakule alipanda, watoto wakamweleza kwa nini mistari ikate mteremko, naye akawabishia kidogo ili wamweleze tena. Ukumbini wote walikubaliana kwamba mwenye shamba ndiye atakayepanda. Nilianza kupumua. Kisha Salomon akavua miwani, akaifuta.

"Ni muzuri. Lakini kwetu Beni, bilima mingi benye mashamba balikimbia. Batoto bakipanda, siku benyewe bakirudi itakuwa vita. Na kama batoto hapana panda, tunabafundisha nini? Beni hatuwezi kuingia mu hii mpango."

Bila Beni hakuna jimbo. Nilimwonea Emérence huruma sana. Watu walianza kuokota mikoba yao.

Kakule, ambaye tulimwalika kwa ajili ya chakula tu, alisimama kule nyuma.

"Shamba yangu ya Kamango, batoto bapande," alisema. "Ni mimi mwenyewe nasema, mbele ya batu bote. Nikirudi, ni miti yangu. Nisiporudi, udongo itabakia. Na benye kukimbia bengine bako hapa Butembo, bengi kabisa. Mubaulize."

Salomon alivaa miwani yake. Emérence akalia, na analia kama anavyoimba. Mpango ukapita: kabla ya kugusa kilima chochote upande wa Beni, tutawatafuta wenye mashamba hapa mjini, nyumba kwa nyumba, kila mmoja atoe neno mbele ya mashahidi. Kazi hiyo amepewa Emérence, na nani angeiweza kama si yeye.

Watu walipokuwa wanatoka, Kakule alimfuata mjumbe wa Kamango, mama mmoja aitwaye Bénite.

"Wasingya, mama," alimshukuru kwa Kinande kwa kuja mbali hivyo. "Mbele ya mulango yangu kuko muti ya avoka. Iko ingali?"

Bénite alisema hajui ni nyumba ipi, na upande ule nyumba nyingi hazipo tena, lakini akielekezwa atakwenda kutazama.

Basi mzee akamwelekeza njia, polepole, kona kwa kona, mpaka mlangoni.