Acheni Dada Yangu Aegemee

Dada yangu ni kiziwi tangu utotoni, na anaposimulia kwa ishara, kiwiliwili chake ndicho kinachoonyesha ni nani anayesema. Akimnukuu baba, anaegemea kushoto. Akirudi kwenye maneno yake mwenyewe, anaegemea kulia. Nyumbani kwetu Kajiado, hilo hata mbuzi walilijua.

Nilipata kazi Kitengela ya kurekodi lugha ya ishara kwa kamera zinazofuata vidoti vilivyobandikwa mwilini, ili kompyuta ijifunze kuisoma. Nilimwita yeye kwanza. Alikaa kwenye stuli akasimulia jinsi baba alivyotaka kumwoza akiwa darasa la saba. Baba: shule basi, sasa ni arusi. Yeye: sitaki, kesho narudi darasani. Na kweli alirudi, baba akabaki kununa.

Bosi wangu aliagiza rekodi zote ziwekwe katikati: katika kila picha, kifua cha msimulizi kinyooshwe na kurudishwe pale pale katikati, kwenye sifuri ya vipimo, ili watu waliokaa mahali tofauti waweze kulinganishwa. Nikafanya alivyotaka, kisha nikamwonyesha dada mwanasesere wa vijiti ambaye kompyuta ilimchora kwenye skrini kutokana na vile vidoti. Alikuwa amekaa wima kama mlingoti, mikono tu ndiyo inayocheza. Dada alitazama mpaka mwisho, akakunja uso.

"Huyu anayetaka arusi ni nani?" akaniuliza kwa ishara.

Bila kuegemea, haikujulikana tena ni nani anayesema. Baada ya vita vyote alivyopigana na baba, sisi tulikuwa tumeyachukua maneno ya baba na kumpachika yeye!

Nikairudia kazi. Safari hii niliweka sifuri mara moja tu, pale mwanzo alipokuwa ametulia, kisha nikauacha mwili uende unakotaka. Baba akarudi kushoto kwake, dada akarudi kulia. Nikampelekea bosi, dada akiwa nyuma yangu.

"Huko kuegemea ni kutotulia tu," bosi akasema. "Kompyuta itachanganyikiwa."

"Wacha ichanganyikiwe. Rekodi yake haitoki hapa ikiwa imenyooshwa."

"Si umwambie akae wima turekodi tena? Kamera tuko nazo."

Nikamtafsiria dada. Hakusita. Alimkazia bosi macho, akajibu kwa ishara kubwa kubwa, nami nikamfikishia bosi jibu lote bila kulipunguza makali:

"Anasema, kama ni kukaa wima, kaa wewe. Na kama ni arusi, uolewe wewe."