Mkono wa Arlys Kwenye Kitufe

Arlys Brandvold ana sugu kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, na hakuipata shambani wala jikoni. Aliipata kwa kubonyeza kitufe. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango mmoja wa shule yetu ya msingi hapa Pell Grove, gumba kwenye kitufe, macho kwenye kidirisha, kalamu mkono wa kushoto. Ndani ya mlango huo kulikuwa na mtoto. Leo mjini wanamtaja kama mwanamke aliyemfungia mtoto wa watu akaenda zake, na kila nikisikia hivyo pale duka la mbegu damu inanichemka, kwa sababu najua nani alifanya nini.

Mimi ni Verlyn Haas, fundi na mfagizi wa shule hiyo. Chumba nilikijenga mimi. Zamani kilikuwa stoo ya karatasi. Niliambiwa nitoe rafu, nibandike magodoro ukutani, nitie kidirisha cha kioo kisichovunjika, kisha kikapachikwa jina: Chumba cha Utulivu. Sikuwahi kuona mtoto akitoka humo ametulia. Niliwaona wakitoka wamechoka, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sheria ya jimbo inasema mlango wa chumba kama kile usiwe na kufuli. Unashikwa na sumaku, na sumaku inashika maadamu mkono wa mtu mzima uko kwenye kitufe. Mkono ukitoka, mlango unaachia. Aliyeitunga sheria hiyo alitujua vizuri. Alitaka kila dakika ya mtoto mle ndani imle mtu mzima dakika yake pia. Sheria inasema tena kwamba mtoto aingizwe tu pale anapokaribia kuumiza mtu, na ikitimia saa nzima mkuu wa shule aandike kwa nini asitolewe.

Sasa sikia walivyofanya. Dakika ya hamsini na nane wanamtoa mtoto, wanampeleka kwenye bomba la maji hatua kumi kutoka hapo, anakunywa, wanamrudisha. Saa inaanza upya. Na huko "kuumiza mtu" kukawa ni kukataa viatu, kuchana karatasi ya hesabu, kulala sakafuni.

Aliyeingizwa mara nyingi kuliko wote ni Tegan Rusk, msichana wa miaka minane. Maneno yake ni machache, kengele ikilia anaziba masikio na kupiga kelele, na viatu hawezi kuvivumilia. Mama yake, Deanna, anafanya kazi kiwanda cha mayai na hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Kila mara aliletewa barua ileile: mwanao leo alisaidiwa kurejea katika utulivu. Akadhani wanambembeleza.

Kila dakika tano mshika kitufe huandika mstari mmoja kwenye fomu, na Arlys yeye aliandika alichokiona. "Saa 4:15, analia, anamwita mama yake. Saa 4:20, bado anamwita." Kwa hilo aliitwa ofisini na mkuu wa shule, Bwana Pruett, nami nilikuwa humo nikirekebisha pazia.

"Bi Arlys, maneno yapo kwenye orodha. Chagua: ametulia, au hajatulia."

"Na kama anamwita mama yake?"

"Andika hajatulia."

"Kwa hiyo kumwita mama ni kukosa utulivu?"

"Usinifanyie hivyo, Bi Arlys. Unajua tunavyokupenda hapa."

Watu wa kwetu ndivyo tulivyo. Hatukaripii, hatugombi, hapana hatuijui. Mtu akifiwa tunampelekea bakuli la viazi na nyama, tukikutana barabarani tunainua kidole kwenye usukani kusalimiana, na uovu ukipita mbele yetu tunausogezea kiti. Nimechoshwa na wema huu. Mimi mwenyewe ndio niliokuwa nao siku niliyomwona Arlys akijisugua gumba. Nilikwenda karakana yangu nikachonga kabari ndogo ya mwaloni, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa. Iliingia kati ya kitufe na ukingo wa kisanduku chake sawasawa.

"Hii nini?" akaniuliza.

"Ya kupumzisha kidole. Hata ukibanwa na haja, unaichomeka, unakwenda."

Aliigeuzageuza. "Verlyn, wewe mikono unayo, kichwani ndio hamna kitu. Kidole kisiponiuma, nani atakumbuka kuna mtoto humu?"

Hata hivyo aliitia kwenye droo ya kimeza chake pale mlangoni. Hakunirudishia, asinivunje moyo. Kosa lake ninalolijua ni hilo tu, na ni kosa la kwetu kabisa: kitu mtu alichokutengenezea kwa mkono wake hukikatai, hata kama unajua hakifai.

Mwezi wa Machi dada yake Arlys alifariki, naye Arlys akaondoka siku tatu kwenda kuzika. Akawekwa msaidizi wa muda, binti anayeitwa Shawna, naye akaikuta kabari kwenye droo. Siku ile ilikuwa ni siku ya kuzaliwa ya karani wa ofisi. Shawna alichomeka kabari, akaja chumba cha walimu kula keki. Mimi nilikaa karibu naye. Nilimpitishia uma. Sikumuuliza nani amebaki mlangoni.

Tegan alikaa mle ndani saa mbili na dakika kumi, peke yake. Hata kwenye bomba la maji hawakumpeleka.

Arlys aliporudi alifungua faili. Ametulia, ametulia, ametulia, mistari ishirini na sita, wino mmoja, mwandiko haukupinda hata mahali pamoja. Akafungua mlango akapiga magoti. Upande wa ndani, kwenye ufa wa mlango na fremu, palikuwa na damu iliyokauka na vipande vya kucha. Alikuja karakana na kabari mkononi. Alinionyesha tu, kisha akaenda nayo ofisini kwa Pruett, na mimi nikamfuata mpaka mlangoni.

"Fomu imejazwa," Pruett akasema. "Mzazi ameandikiwa barua."

"Barua inasemaje?"

"Inasema alisaidiwa."

Kabari ilibaki juu ya meza yake.

Kesho yake asubuhi walimu wawili walimleta Tegan, mmoja kashika mikono, mwingine miguu, kwa sababu amekataa viatu. Nilikuwa juu ya ngazi nabadilisha taa kwenye korido. Arlys aliketi, akabonyeza. Baada ya dakika nne akainua gumba. Alichofanya ni hicho tu. Mlango ukaachia, ukafunguka upana wa kiganja.

Tegan hakutoka. Alikuwa kona ya mbali, anautazama mlango, hasogei. Basi Arlys akaandika kwenye fomu, "Saa 3:34, nimeondoa mkono," akaingia, akaketi sakafuni kwa taabu, akavua viatu vyake akaviweka pembeni.

Pruett alikuja mbio. "Bi Arlys, rudi kwenye kituo chako."

"Ndipo nilipo."

"Unajua nitalazimika kukuandikia onyo."

"Andika. Maneno yapo kwenye orodha."

Saa sita mchana alikuwa hana kazi.

Deanna alipoziona kucha za mwanawe alidai majibu, na mwezi wa Aprili bodi ya shule ikakutana kwenye ukumbi wa michezo. Majibu yalikuwa tayari: kifaa kisichoruhusiwa kilikutwa kwenye droo ya Bi Brandvold, Bi Brandvold ameachishwa kazi, shule inasikitika. Mwenyekiti akainua kabari yangu ndani ya mfuko wa plastiki. "Kuna anayejua kitu hiki kilitoka wapi?"

Nilikuwa nyuma, karibu na viti nilivyovipanga mwenyewe. Arlys aligeuka akanitazama. Hakunitaja. Mimi nikainama nikanyoosha kiti kilichokuwa kimenyooka. Hasira yote niliyonayo kwa Pruett na keki zao haifikii hasira niliyonayo kwa mtu yule aliyenyoosha kiti.

Wiki iliyopita nikaenda kwa Arlys. Alikuwa bustanini, akipalilia vitunguu.

"Arlys, nimekuja kukiri."

"Kunikiria mimi? Mimi si nilikuwepo?" Hakuacha kupalilia. "Nilitaka useme mwenyewe, Verlyn. Nimengoja miezi miwili. Deanna anakaa nyuma ya kanisa la Kilutheri. Nenda huko."

Nilikwenda. Deanna akafungua mlango wa mbele, na nyuma ya bega lake nikaona nyumba isiyo na mlango mwingine hata mmoja. Chumba cha kulala, stoo, msalani, kote ni fremu tupu, bawaba zinaning'inia, msalani pametundikwa shuka. Mimi ni fundi, najua bawaba iliyotolewa kwa haraka. Tegan akaja pekupeku, akaweka unyayo wake kwenye kizingiti ili hata mlango ule mmoja usifungwe.

"Ile kabari niliichonga mimi," nikasema. "Arlys hakuitumia hata siku moja."

Deanna hakunikaribisha ndani wala hakunipa kahawa. Kwetu hata anayekuletea habari ya msiba hupewa kahawa, na nilimshukuru moyoni kwa kuninyima.

"Bodi inakaa Jumatatu," akasema. "Utasimama?"

"Nitasimama."

"Basi sema sasa, mbele yake, kama utakavyowaambia wao."

Nikavua kofia nikaanza tangu mwanzo, tangu stoo ya karatasi. Tegan alisikiliza mpaka mwisho, mguu kwenye kizingiti, mkono umeshika fremu, na vidole viwili bado havijaota kucha.