Pole Niliyoitolea Kwenye Kiti

Chuoni, mwaka wa pili, tulifundishwa kwamba pole ni ndugu wa poa. Anayekupa pole anakutakia upoe, kama mwili unavyopoa homa ikishuka. Niliipenda habari hiyo kupita kiasi. Niliwasimulia hata watu wa pikipiki wa mtaa wa Mangobo, ambao walitaka tu kujua ninashukia wapi.

Kisha dada yangu mdogo akafiwa na binti yake, mtoto wake wa pekee. Homa ya siku nne, basi.

Kwetu, anayefika matanga haanzi na kiti. Unapita chini ya turubai, unaingia moja kwa moja ndani, unaketi kwenye mkeka na mama aliyefiwa, unalia naye, unampa pole. Ndipo unatoka kwenda kukaa na wanaume. Kila mtu analijua hilo, pamoja na mimi. Lakini nilipofika nikasikia sauti ya dada yangu kutoka chumbani, akimwita mtoto kwa jina lake la nyumbani. Nikavuta kiti cha plastiki.

Jirani yake, fundi cherehani, akaniambia, kama anayemwita mjomba wake, "Pole, tonton." Nikapata pa kujificha. Nikamweleza neno hilo limetoka wapi.

"Kumbe," akasema. "Na wafiwa wasipopoa?"

Wanaume wakasogeza viti. Nikajibu swali lake kwa urefu. Nikaingia kwenye mizizi, nikapita kwa majirani zetu wa lugha, nikarudi. Chai ililetwa mara mbili. Mgongoni mwangu kulikuwa na dirisha wazi, na sikujiuliza kwa nini kilio kimekoma.

Nilipoingia, jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa mto. Wanawake wakanipisha. Dada yangu alikuwa ameketi, kitenge kimefungwa kiunoni, macho makavu.

"Yaya, nimekusikia," akasema, akiniita kaka mkubwa kama tangu utotoni. "Umeeleza muzuri."

Nikavua viatu ukingoni mwa mkeka.

"Watu wote walikuya hapa kwa mukeka. Hata ule mama wa mafuta, mwenye hatusemeshane tangu mwaka jana. Alilia kunipita. Mimi nilikuwa nangoya pole yako tu."

"Pole, dada."

"Bon. Ile iko ya masomo. Asante."

Hakuwa na hasira. Ningejua la kufanya na hasira. Alinisogezea sahani ya pondu, majani ya muhogo, akauliza kama watoto wangu wazima, kisha akageukia ukuta.

Matanga yalipokwisha, wanawake walikung'uta mkeka, wakaukunja, wakausimamisha nyuma ya mlango. Bado upo pale. Mimi huenda kila Jumapili, nikiwa na pole niliyoitayarisha njia nzima, fupi, isiyo na mizizi wala ndugu. Yeye hunisikia hodi, hunitolea kiti uani, hukipangusa kwa ncha ya kitenge kama anavyowapangusia wageni.

Jumapili iliyopita sikukikalia. Niliketi chini, kwenye udongo, karibu na miguu yake, nikaanza kulia. Nililia vibaya, kama mtu anayekohoa.

Kisha akanishika kiwiko.

"Inuka, professeur," akasema, kwa upole kabisa. "Utachafua suruali."

Hakusema "Yaya".