Viazi Nilivyovisafisha

Juzi binti yangu aliniletea viazi viwili, amevinyofoa vichipukizi vyote, nikakumbuka stoo yetu kule Kibirichia nilipokuwa mtoto, na giza lake na harufu ya udongo mkavu. Mama alikuwa ametandaza humo viazi vya mbegu ili vichipue. Mimi nilidhani vinaugua. Alasiri nzima, mvua ya kwanza ikigonga mabati, niling'oa vichipukizi kimoja kimoja, kisha nikamwita aone.

Mama alisimama mlangoni na jembe lake, akaitazama mvua kwa muda mrefu.

"Nani amekusaidia?"

"Nimefanya peke yangu," nilijibu kwa fahari.

Akaketi kwenye gunia, akaanza kucheka. "Basi leta sufuria. Msimu huu tutakula shamba kabla ya kupanda."

Nilikimbia, nikaleta ile kubwa.