Mikeka Iliyokwenda Kibati

Kwetu Goma, shirika likishaandikishwa, kila mwaka lazima lipeleke serikalini raporti ya kazi zake, na kabla ya kufika ofisini raporti hiyo husomwa mbele ya wanachama ili waikubali. Shirika letu ni la akina mama wachuuzi wa mtaa wa Birere. Tulikodi chumba karibu na soko, tukakifanya garderi, watoto wetu wadogo wapate pa kulala na kucheza sisi tukiuza. Mimi ni sekretere.

Mwaka wa vita garderi ilifungwa. Ufunguo alikuwa nao makamu wa prezidanti, mama mzaliwa wa Rutshuru. Mapigano yalipotulia alirudi kwake Kibati, nje kidogo ya mji, nasi tulipovunja kufuli tulikuta mikeka na vikombe vya watoto havipo. Mama prezidanti, mfanyabiashara wa Butembo asiyependa maneno mengi, akasema makamu ametuibia. Hawakusemezana tena.

Nilipoketi kuandika, sikuona la kusema. Niliandika kwamba hakuna kazi iliyofanyika, na vifaa vimepotea. Kisha nikawaita wanachama wote, makamu naye, kwa kuwa sheria zetu wenyewe haziniruhusu kumwacha mtu. Sikutegemea angekuja. Alikuja, kitambaa cha kichwani kimejaa vumbi jeusi la njia, akakaa karibu na mlango.

Nilisoma kwa Kifaransa, nikaeleza kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye vifaa alinyoosha mkono, akasema kwa sauti ndogo kwamba havikupotea, viko kwake. Majirani zake walikuwa wamerudi kulima na hawakuwa na pa kuacha watoto. Akawapokea watoto hao nyumbani, akawalaza kwenye mikeka yetu.

Prezidanti akamuuliza mbona hakusema.

"Mulikuwa mumeshasema nimeiba," alijibu. "Mutu akiisha kuitwa mwizi, nani atamusikiliza?"

Mama mmoja muuza samaki akasema kwamba basi garderi haikufungwa, ilihama tu. Wengine wakaitikia, nami nikashika kalamu nisahihishe. Prezidanti peke yake akakataa.

"Siweki mukono kwa kitu sijaona," alisema.

Kesho yake tulipanda moto, pikipiki ya abiria, yeye na mimi, mpaka Kibati. Watoto walikuwa wamelala, isipokuwa kasichana kamoja kalikokuwa kanalia. Prezidanti hakuuliza mtu. Alikafunga mgongoni kwa kitenge chake, akawa anatembea nako uani, na makamu akichemsha uji. Walizungumza muda mrefu, na mimi sikusogea karibu. Kasichana kalipolala, prezidanti akaniomba raporti niliyokwisha kuisahihisha, akaweka mkono wake, akampa makamu kalamu.

Ofisini waliipokea, wakapiga muhuri. Birere tumefungua tena, Kibati hawajafunga, na akina mama wa kule wameomba kuingia shirikani. Kwa mkutano ujao itabidi tutafute chumba kikubwa zaidi.