Mto Ulipohamia Nyuma ya Nyumba Yetu

Mtu akisikia natoka Mombasa hunitajia bahari, nami hukasirika kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa bondeni. Ukiwa Miritini, yaache malori na nyumba mpya nyuma yako, ufuate njia inayoteremka kwenye mihogo na minazi hadi mtoni. Hapo ndipo kijijini kwetu. Hatuna kaskazini wala kusini. Tuna juu, chini, na ng'ambo. Hata jino likimuuma mtu, husema ni lile la ng'ambo.

Mipaka ya mashamba nayo ni mto. Wazee walikubaliana hivyo zamani: upande huu wetu, ule wa jirani, na popote mto upitapo ndipo mpaka ulipo. Sidhani waliwaza kwamba mto wenyewe ungeweza kuhama.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa, ulihama. Tuliamka tukaukuta umejichimbia njia mpya nyuma ya choo chetu, na kipande cha shamba chenye kaburi la babangu kimekuwa ng'ambo. Kwa mapatano yale, kilikuwa sasa cha jirani.

Mamangu hakulia. Aliacha kula tu.

"Nitaombaje ruhusa ya kufagia kaburi la mume wangu?" aliniuliza. Jirani hakuwa mtu mbaya, alikuwa rafiki wa babangu tangu utotoni. Lakini wanawe walikuwa wameshaanza kufyeka wapande mahindi, na niliwachukia, siwezi kusema uongo.

Maji yalipopungua, jirani alivuka, kikoi amekikunja hadi magotini, wanawe nyuma yake. Akabisha hodi, akakaa mkekani.

"Shemeji, mto siwezi kuurudisha," alisema. "Na nikiwakataza hawa kulima pale, watanisikia nikiwa hai tu. Basi nikifa, nizikwe kando ya rafiki yangu, upande wa kulia. Kaburi la baba yao hawatalipiga jembe, wallahi."

Vijana waliinamisha vichwa. Mamangu akatikisa kichwa.

"Upande wa kulia ni wangu, shemeji. Nimeuweka tangu siku aliyozikwa."

Mzee akafikiri. "Haya. Basi niwekeni miguuni pake."

Mamangu alicheka, kisha akalia kwa sauti, mimi pia nikalia. Halafu akaniambia nipashe wali moto, wageni wasiondoke na njaa, na naye akala.

Mzee yule tulimzika mwaka jana, miguuni pa babangu, na wanawe ndio waliochimba. Siku za Ijumaa mamangu huvuka, hufagia makaburi yote mawili, kisha hukaa kidogo upande wa kulia, mahali pake.